Safu ya Sababu

Ninapokuwa zamu, kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kuandika mahudhurio. Viranja huniletea hesabu za madarasa kwenye vipande vya karatasi, mimi nazijumlisha, kisha naziandika kwa chaki kwenye ubao mdogo mweusi ulio pembeni ya mlango wa ofisi: wavulana, wasichana, jumla, wasiokuwepo. Naipenda kazi hiyo. Mtu anayeandika ubaoni huwapa watu mgongo, na hakuna anayemtarajia aseme kitu.

Jumanne ile, wiki moja baada ya Nanenane, sikuufikia ubao. Watoto walikuwa wamejazana mbele ya ofisi, wakubwa kwa wadogo, hata wa darasa la pili walikuwa wamening'inia mabegani mwa kaka zao. Nilidhani kuna nyoka. Kisha nikasikia sauti ya Chenge, mvulana wa darasa la saba ambaye husoma risala siku za wageni.

"Namba kumi na nne," alikuwa akisoma, kidole chake kikifuata mstari juu ya wavu wa ubao wa matangazo. "Queen Nestory. Darasa la saba. Kundi A. Sababu..." Akakohoa kidogo kama mtangazaji wa redio. "Baba aliachishwa jeshi. Kwa sasa ni kibarua wa dagaa visiwani."

Mtu akasema kutoka nyuma, "Kumbe Kongo nako kuna dagaa!"

Wakaangua kicheko. Hakuna mtoto pale shuleni asiyejua kwamba baba yake Queen ni koplo, na kwamba yuko Kongo analinda amani. Queen ndiye dada mkuu wetu. Aliweza kuchora ramani ya Kongo bila kutazama kitabu, akaweka nukta moja upande wa mashariki na kuandika pembeni yake kwa herufi ndogo: Baba yupo hapa.

Nilisogea. Watoto walinipisha, "Shikamoo madam, shikamoo madam," nami sikuitikia hata mmoja. Orodha ilikuwa pale, nyuma ya wavu uliofungwa kufuli. Mwandiko ulikuwa wangu, na ile mistari niliipiga mwenyewe kwa rula na kalamu nyekundu. Ufunguo alikuwa nao Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu alikuwa hajafika.

Mwalimu mwingine angepaza sauti mara moja tu na uwanja ungekuwa mweupe. Mimi niligeuka nikauegemea ubao, mgongo wangu ukafunika karatasi, mikono nimeirudisha nyuma kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikasimama hivyo. Kengele ikagongwa, watoto wakaenda mstarini, wimbo wa taifa ukaimbwa, na mimi bado nimeegemea. Mwalimu Shimba wa taaluma akapita na kikombe chake.

"Vipi, Mwalimu Selina, unaumwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Au unaushikilia ukuta usianguke?"

Sikuweza hata kutabasamu. Kutoka pale nilikuwa namwona Queen. Alikuwa peke yake karibu na tangi la maji, begi mgongoni, soksi zake nyeupe zimepandishwa hadi magotini kama kawaida yake. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama. Wenzake walipoanza kuingia madarasani aligeuka akatoka getini. Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyetumwa dukani.

*

Mambo yalianza mwezi wa sita. Shule yetu, ambayo iko nje kidogo ya Buswelu, iliingizwa kwenye mpango wa shirika moja linalosaidia elimu. Serikali huleta ruzuku kwa kila mtoto, na shirika lilisema litaongeza fedha juu ya ile ruzuku kwa ajili ya watoto wa aina mbili. Kundi A lilikuwa la watoto wanaotoka kwenye kaya zenye uhitaji. Kundi B lilikuwa la watoto wa askari, kwa sababu watoto hao huhamahama shule na mara nyingi baba au mama yuko mbali. Mtoto hakupewa kitu mkononi. Fedha zilikuja shuleni kwa ajili ya uji, vitabu, masomo ya jioni ya darasa la saba, na viatu kwa wasiokuwa navyo. Kilichotakiwa ni orodha. Mwalimu Masele, Mwalimu Mkuu wetu, alinipa mimi kazi hiyo kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu, alisema, "Wewe hupigi domo."

Domo kweli sipigi.

Fomu ilikuwa na safu sita: namba, jina, darasa, kundi, sababu, saini ya mzazi. Kwa watoto wa kundi B iliulizwa pia namba ya jeshi ya mzazi. Queen nilimweka kundi B bila kufikiri, nikamtumia mama yake ujumbe aje na namba ya mumewe.

Mama Queen, jina lake Bernadeta, anauza mihogo ya kukaanga karibu na stendi. Alikuja saa tisa alasiri, bado ananukia mafuta. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamwuliza namba. Akautazama mlango. Akainuka, akaufunga, akarudi kukaa.

"Mwalimu, mwanangu. Hiyo namba haipo."

"Imepotea, mama?"

"Hakuna namba. Hakuna askari."

Akaniambia. Mumewe, Nestory, alikwenda Kongo kweli, mara moja, Queen akiwa darasa la nne. Aliporudi nchini alipewa likizo ya siku kumi na nne akamuuguze mama yake huko Misungwi. Akakaa miezi miwili bila kuaga kazini. Walimwachisha. Akaona haya kurudi Buswelu akiwa amevaa nguo za kiraia, mbele ya watu waliokuwa wakimwita koplo, basi akavuka ziwa kwenda Ukerewe, na huko anaanika dagaa kwa kibarua cha siku. Watoto wakaambiwa baba amerudishwa Kongo.

"Akitaka kupiga simu anatembea mbali na kambi ya wavuvi," alisema. "Queen asije akasikia injini za mitumbwi. Huko Kongo injini za mitumbwi zinatoka wapi?"

Akacheka kidogo, halafu akajifuta macho kwa upande wa kitenge.

"Mfute tu, mwanangu. Tumezoea kula mihogo. Akishamaliza mtihani wake, baba yake atakuja amwambie mwenyewe. Tulikubaliana hivyo."

Mimi ni mtu wa huruma nyepesi, nalijua hilo. Nikamwambia hapana, Queen anastahili kabisa, nitamhamishia kundi A, masomo ya jioni yatamfaa.

"Na hapo kwenye sababu mtaandika nini?"

"Tutaona, mama."

"Pamwache wazi."

"Sawa."

"Niapie."

"Itabaki kwangu, mama."

Akanishika mikono yote miwili. Kisha akatia saini yake, herufi moja moja, ulimi nje kama mtoto, kwenye mstari ambao safu ya sababu haikuwa na kitu.

Jioni ile niliichukua fomu nyumbani nikaijaze vizuri. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja ambaye umeme wake hukatika kila akipiga pasi, kwa hiyo nilikaa mlangoni nipate mwanga wa jua. Watoto arobaini na mmoja. Yatima, analelewa na bibi. Mama mgonjwa wa muda mrefu. Baba mlemavu. Nikafika namba kumi na nne. Chuoni tulifundishwa kwamba fomu yenye nafasi tupu ni fomu itakayorudishwa, na mkufunzi wetu alikuwa akizungushia kila nafasi tupu duara jekundu mbele ya darasa zima. Nikaitazama safu yangu. Yote imejaa, isipokuwa nafasi hiyo moja, kama jino lililong'oka.

Nikaandika. Nilijiambia karatasi inakwenda mbali, kwa watu wasiotujua. Na nitasema ukweli wote: nilifurahi kwamba maelezo yalikuwa mafupi na yaliingia kwenye mstari mmoja.

Fedha zilipokubaliwa, mwezi wa nane, nakala ya orodha ikarudi shuleni. Na shuleni kwetu chochote chenye harufu ya fedha hubandikwa. Ruzuku hubandikwa, michango ya uji hubandikwa, bei ya kufuli jipya la choo hubandikwa. Kuna mwaka wazazi waligoma kuleta mahindi ya uji kwa sababu karatasi ya mwezi mmoja ilikosekana ubaoni. Siku hizi hakuna anayeuliza nini kimebandikwa. Wanauliza kama kimebandikwa.

Jumatatu jioni Mwalimu Masele aligonga muhuri bila kusoma, akafungua kufuli, akanishikilia mlango wa wavu.

"Haraka, Mwalimu. Nawahi kikao cha kata."

Nilikuwa nimeishika ile karatasi. Niliiona safu ya sababu. Nilichotakiwa kusema ni hiki: Mkuu, naomba dakika kumi nikaandike nyingine yenye majina tu. Maneno yalikuwepo, hata sasa nayasikia. Lakini alikuwa ameshika ufunguo na kuangalia saa, na mimi kitu kinachonitisha kuliko vyote ni mtu mzima kunisubiri. Nikabandika. Pini nne, moja kila kona. Nikajiambia watoto hawasomi matangazo.

*

Jumanne hiyo Mwalimu Masele alifika saa mbili na nusu akanikuta nimeegemea. Alifungua kufuli, nikaitoa karatasi, akaichukua akaisoma pale pale, akakuta namba kumi na nne. Akanitazama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. 

Jumatano Queen hakuja. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebaki wiki nne. Huyu ndiye mtoto ambaye Mwalimu Shimba alikuwa ameshaanza kumhesabia shule ya bweni ya wasichana, mtoto anayemaliza maswali ya hisabati kisha anageuka na kuwasaidia wa nyuma yake. Kwenye kipindi cha jioni, kile kilicholipiwa na fedha zile zile, nilifundisha sehemu na asilimia mbele ya dawati lake tupu.

Chenge alibaki baada ya wenzake kutoka. Alisimama anakwaruza meza kwa ukucha.

"Madam, mimi nilikuwa natania tu. Na yule wa dagaa sikuwa mimi."

"Najua, Chenge."

"Sasa kila mtu ananinunia mimi."

"Pole."

"Ila madam." Akanitazama. Si mtoto mbaya. "Kama ilikuwa haitakiwi kusomwa, ilibandikwa ya nini?"

Nikamwambia awahi nyumbani.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, mama Queen alikuja. Sikumwona akiingia, nilimsikia. Ofisi ya walimu na ya Mwalimu Mkuu zimetenganishwa kwa mbao tu.

"Mwalimu Mkuu, umeniua. Heri ungenichapa fimbo sokoni."

Walimu wakaacha kutafuna. Mwalimu Shimba akaninong'oneza, "Tulia hapo hapo." Lakini Mwalimu Masele akaniita kwa jina.

Mama Queen alikuwa amevaa vitenge vyake vya kanisani, kama watu wanavyovaa wanapokwenda ofisini. Mwalimu Masele alikuwa amesimama. Ni mtu mnene anayekaribia kustaafu, na sikuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya mzazi.

"Mama, ofisi imekosea," alisema. "Ofisi inaomba radhi. Muhuri ni wangu, ubao ni wangu, ufunguo ni wangu."

"Radhi nitaikaanga niiuze?"

"Hapana, mama."

"Mtoto hali. Hasemi na mimi. Nikimsemesha ananiita 'wewe'. Mimi! 'Wewe ulitia saini.' Ameiona saini yangu kwenye karatasi yenu, pembeni ya yale maneno. Anasema nimemuuza baba yake kwa viatu. Anasema harudi shule, mtihani nikafanye mimi."

Hapo akageuka akaniona. Uso wake ukalegea.

"Aliyenitunzia siri ni huyu binti tu," alimwambia Mwalimu Mkuu. "Huyu nilimwambia tangu mwezi wa sita, siku zote hizi sikulisikia popote. Nyie wakubwa ndio mnaotutangaza. Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mume mwema na watoto."

Akanikumbatia. Kupitia bega lake nilimwona Mwalimu Masele. Alikuwa ananisubiri. Hakuwa na saa wala ufunguo safari hii, mikono yake ilikuwa mitupu kabisa juu ya meza, na alikuwa ananisubiri.

Nikafungua mdomo.

"Pole, mama," nikasema.

Alipoondoka nilibaki nimesimama pale pale.

"Mwalimu Selina."

"Naam, Mkuu."

"Nimesema ofisi."

"Nimesikia, Mkuu. Asante."

"Usinishukuru. Niligonga muhuri bila kusoma, hiyo ni sehemu yangu na nimeibeba. Lakini ofisi ina watu."

Akavua miwani akaanza kuifuta, nikaelewa kwamba nimeruhusiwa kutoka.

Ijumaa nilijaribu kuandika barua. Niliandika kurasa tatu, nikachana, nikaandika tena. Kila nilipojisoma nilikuta karatasi imejiandika yenyewe na kujibandika yenyewe. Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kueleza jinsi jambo lilivyotokea, na jina langu lilikuwa chini tu, penye saini. Nikachana hiyo nayo.

*

Jumamosi asubuhi nilikwenda Buswelu kwa miguu, nipate muda wa kupanga maneno, na nilipofika sikuwa na hata moja.

Wanapanga vyumba viwili kwenye nyumba isiyopigwa lipu, nyuma ya duka la mbao. Uani mama Queen alikuwa akiosha mihogo. Karibu yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanamume mwembamba alikuwa akimenya. Alimenya kwa kasi na usafi wa ajabu, maganda yote yanatoka mazima mazima na kuangukia mahali pamoja. Mikono yake ilikuwa imechubuka na kukauka kwa mchanga na jua. Aliponiona alisimama, visigino vikakutana vyenyewe, kisha akakumbuka, akavitenganisha.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Mimi ndiye baba Queen."

"Ndiye huyo," alisema mama Queen bila kuinua kichwa. "Koplo wetu. Ametoka mstari wa mbele jana."

Nestory akainama akarudi kwenye ndoo yake. "Nilipanda meli ya asubuhi nilipopigiwa simu," alinieleza. "Tangu nimefika hajatoka chumbani. Namsalimia kupitia pazia."

"Miaka miwili alishindwa kuvuka ziwa," alisema mkewe. "Sasa anashindwa kuvuka pazia."

"Mama Queen."

"Nimenyamaza."

Nilipewa kigoda. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa hatua tatu kutoka pale nilipokaa, umefunikwa kwa pazia la maua ya zambarau, na chini ya pazia niliona vidole vya miguu. Alikuwa amekaa sakafuni karibu kabisa, anasikiliza.

Baba yake aliweka kisu chini.

"Mwalimu, nashukuru umekuja. Nataka ujue shule haina kosa. Mimi ndiye niliyekaa siku zisizo zangu, mimi ndiye niliyesema watoto wasiambiwe. Nilikuwa nasubiri nipate kitu cha kuja nacho. Nilisema nikipata mtumbwi wangu hata mdogo, nitakuja niseme sasa mimi ni mvuvi. Kurudi kibarua nilishindwa." Alikuwa anaongea nami lakini anaongeza sauti, ili ivuke pazia. "Kwa hiyo kosa ni langu."

"Na mimi nilitia saini," alisema mama Queen, safari hii taratibu.

"Ndiyo, ulitia!"

Sauti ilitoka ndani, nyembamba, imekauka. Mama Queen aliacha kuosha. Mikono yake ikabaki ndani ya beseni.

"Umesikia?" alininong'oneza. "Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Alhamisi."

Dukani mtu alikuwa anakereza mbao, akaacha, akaanza tena. Vidole chini ya pazia vilijikunja.

"Madam."

"Naam, Queen."

"Watu wote walijua?"

"Hapana."

"Chenge alijua?"

"Alisoma siku ile ile kama wewe."

Nilimsikia akivuta kamasi, akijaribu kufanya isisikike.

"Mimi nilikuwa nawachorea ramani," alisema. "Mbele ya darasa. Mama anakaa hapa jioni ananiuliza leo mmejifunza nini, namwambia nimechora ramani, ananiambia vizuri mwanangu. Halafu anakuja huko kwenu anawaambia muandike baba ni kibarua, nipewe viatu." Sauti ilikatika, ikarudi. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Mama ndiye aliyewaambia muandike vile?"

Mama Queen alinigeukia haraka. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye viwiko. Akaniinamia, akasema kwa pumzi tu, ili asisikike ndani:

"Mwambie ni ofisi, mwanangu. Mwambie ni yule mzee wenu. Wewe anakuamini, atarudi shule."

Ingewezekana. Niliiona njia nzima ilivyonyooka. Mwalimu Masele alishajibebesha, asingekanusha. Queen angetoka nyuma ya pazia, Jumatatu angekuwa kwenye dawati lake, mama yake angeendelea kuniombea mume mwema. Baba yake naye alikuwa ananitazama, akinyoosha mkono kidogo hewani, kama mtu anayeniambia nisihangaike, ameshalichukua yeye. Wote walikuwa wamejitolea, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyebaki na kitu cha kumpa yule mtoto isipokuwa mimi.

Niliinuka. Sauti yangu ni ndogo, darasani watoto wa nyuma hulalamika. Nilisogea hadi karibu na pazia, karibu na vile vidole.

"Hapana, Queen," nikasema. "Mama yako hakutuambia tuandike. Alinikatalia. Aliniomba nikufute kabisa, nilipokataa akaniomba nipaache wazi, na alitia saini mahali ambapo hapakuwa na neno lolote. Nikamwahidi itabaki kwangu. Yale maneno niliyaandika mimi, nyumbani kwangu, kwa sababu sikupenda kuona nafasi tupu. Na Jumatatu niliyabandika mimi. Niliyaona, Queen. Sikusahau, niliyaona kabisa, nikaona haya kumwambia Mwalimu Mkuu anisubiri dakika kumi. Si ofisi. Si mama yako wala baba yako. Ni mimi, na Alhamisi mama yako alinikumbatia akanibariki, nikanyamaza."